Yahusu Ukuta Wangu, Alama Yangu na Paka wa Fundi Viatu

Ndugu Mkurugenzi wa Idara ya Majengo,

Salamu, na pole kwa majukumu, ambayo barua hii inakuja kuyaongeza.

Mimi ni mkazi wa mtaa ulio nyuma ya soko, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na, hadi Jumanne ya wiki iliyopita, mwenye ukuta wa nyuma. Naandika kuilalamikia Idara yako, ambayo imeubomoa ukuta huo bila mimi kujua. Naomba nikiri mapema, kabla hujaitisha faili, kwamba unanifahamu. Mimi ndiye mkaguzi wako mwandamizi, meza ya pili kutoka dirishani, yule unayempita kila asubuhi ukamkuta anachonga penseli. Amri ya kubomoa niliiandika mimi. Hilo halipunguzi uchungu wangu hata kidogo, wala lisipunguze wako.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Walichosahau kuongeza ni kwamba mkaguzi akijikagua, wanaokuja na nyundo ni wafanyakazi wenzake.

Nieleze chanzo. Kitindamimba wetu aliolewa mwanzoni mwa mwaka, akahamia kwake. Tukabaki mimi, mke wangu na saa ya ukutani. Jioni moja tukiwa mezani, mke wangu aliweka kijiko chini akasema, “Mzee, mimi nataka kitu kinachopumua humu ndani.” Nikamwambia mimi napumua. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. “Wewe unakagua,” akasema.

Kesho yake aliniambia kwamba fundi viatu ana paka. Fundi huyu ana kibanda kwenye uchochoro ulio nyuma ya nyumba yetu. Paka wake alizaa ndani ya boksi la soli kuukuu, watoto wanne, na watatu walishachukuliwa. Alibaki mmoja wa kijivu, mwenye mguu mmoja mweupe, kama mtu aliyevaa soksi moja akaitwa nje ghafla. Mke wangu alikuwa ameshakubaliana na fundi kila kitu. Mimi nilibakiziwa neno moja tu, nalo ni “sawa”.

Ndugu Mkurugenzi, sijawahi kusema sawa kwa kitu ambacho sijakikagua. Nilikwenda kwa daktari wa mifugo kuomba mwongozo, akanipa kijikaratasi cha ukurasa mmoja chenye picha ya paka anayetabasamu, kinachoeleza namna ya kuandaa nyumba kabla paka hajafika. Kilisema mambo matatu. Piga magoti uone nyumba kama paka anavyoiona. Weka alama kila mahali penye hatari. Rekebisha, kisha mlete mgeni wako. Mtu mwingine angeimaliza kazi hiyo asubuhi na mchana akalala usingizi wake. Mimi nina miaka ishirini na sita katika ukaguzi. Nilipokisoma kijikaratasi kile niliona kimeandikwa kwa ajili yangu, na machozi yalinilengalenga.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Namlalamikia mkaguzi aliyeingia nyumbani kwangu, yaani mimi.

Alifika saa kumi na moja jioni bila taarifa, akiwa na tochi, futi kamba na kopo la rangi nyekundu la ofisi. Alipiga magoti mlangoni akatambaa sebule nzima mbele ya mke wangu, aliyekuwa akitazama taarifa ya habari. Hakumsalimia. Chini ya kochi alikuta sindano mbili, betri iliyovuja na jino langu la bandia ambalo niliwahi kwenda kuripoti polisi kwamba limeibwa. Kila penye hatari aliweka X. Waya wa pasi ulipata X, kamba ya pazia X, mlango wa oveni X. Ndoo ya maji, sabuni ya unga, friji, kabati la vyombo lenye mguu mmoja mfupi, vyote X. Kiti changu ninachokalia kila siku alikipa X kwa sababu kinaweza kubana mkia, akaniacha nimesimama.

Kwa siku tatu alipata kasoro arobaini na moja. Nyumba za wananchi huwa nazifelisha kwa kasoro sita. Nilijaribu kujitetea kama mwenye nyumba, kwamba tumeishi humu tukalea watoto watatu na hakuna aliyebanwa mkia. Nikajijibu kwa sauti ileile ninayowajibia wananchi, ya taratibu, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba utaratibu ni utaratibu. Sikuwahi kujua kwamba sauti hiyo inaudhi kiasi kile. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu; na mimi mkuki nilikuwa nimeushika mwenyewe.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuja kutusalimia akaona alama zile, akakaa kwenye ncha ya kochi akaanza kufuta macho. “Mnahamishwa lini?” aliuliza. Mke wangu akamjibu, “Wala hatuhamishwi, dada, tunangoja paka.” Nadhani jibu hilo lilimtisha zaidi, maana hakumaliza hata chai yake.

2. Nalalamikia matengenezo.

Ili paka asije akatumbukia majini, nilifunga vifuniko vya ndoo zote kwa waya. Tangu hapo, mtu wa nyumba yangu akitaka kuoga sharti kwanza atafute plaisi. Dawa zote nilizipandisha darini. Kichwa kikikuuma unapanda ngazi kufuata kidonge, na ukishuka kinakuwa kinauma kihalali. Madirisha niliyapigilia misumari yasifunguke zaidi ya upana wa kidole, nyumba ikawa tanuri. Kijikaratasi hakikutaja chumvi mahali popote, lakini mimi nilifikiri mbali kuliko daktari. Niliifungia kwenye kisanduku cha chuma, na ufunguo nikauweka mahali salama. Mahali hapo ni salama mpaka leo, kwani hakuna aliyepafikia, mimi nikiwemo. Tunakula chukuchuku.

“Mzee,” mke wangu aliniambia siku moja, akijipepea na kile kijikaratasi, “huyo paka atakuja atukute sisi ndiyo tumekufa.”

Kila Jumamosi alikuwa ananiuliza kama tayari, na kila Jumamosi nilikuwa namwambia bado kidogo. Hizo bado kidogo zilikuwa saba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kwa mke wangu iliumiza goti. Kutoka jikoni kwetu hadi kwenye kibanda cha fundi viatu ni hatua kumi na mbili, kama ungeweza kupita ndani ya ukuta. Kwa kuwa ukuta hauruhusu, ilimbidi atokee geti la mbele, ampite kinyozi, apite duka la dawa na mashine ya kusaga, kisha arudi kupitia uchochoroni. Kwa goti lile, ni robo saa kwenda na robo saa kurudi. Alikwenda kila siku. Alikuwa anarudi na manyoya kwenye sketi na habari mpya mdomoni: leo kakojolea kiatu cha mteja, leo kajifunza kukwea mguu wa meza. Alinisimulia huku mimi nikiwa chini ya meza yetu, nikipima.

Fundi viatu naye alivumilia kiungwana. “Mama,” alimwambia, “kwa mwendo huu, huyu paka wako ataoa akiwa hapahapa kwangu.”

3. Nalalamikia mkono wangu wa kulia.

Chini ya ukuta wa nyuma palikuwa na tundu. Nililipima kwa kikombe cha chai, kikombe kikapita na mkono wake. Nikajua hapa ndipo mnyama atakapotorokea. Ilikuwa Jumapili, saruji sikuwa nayo, nikaamua kuweka alama ili nisisahau. Na kwa kuwa ukuta ni kitu kikubwa, niliweka X kubwa.

Mpaka hapo sioni kosa. Lakini mkono una mazoea yake, Ndugu Mkurugenzi. Kwa miaka ishirini na sita, mkono huu ukishachora X juu ya ukuta hauishii hapo. Mimi nilikuwa nawaza saruji. Wenyewe ukaandika chini yake BOMOA, ukaandika tarehe, ukaandika namba ya jalada inayofuata kwenye daftari langu, ukatia saini. Ulifanya kazi safi. Nilirudi nyuma hatua mbili kuutazama ukuta, nikaridhika, nikaenda kunawa.

Jumatatu asubuhi karani wa masjala alipita mezani kwangu kuuliza mbona kuna namba imerukwa, na ile inayokosekana ni ya mtaa gani. Nilikuwa natafuta miwani. Nikamtajia mtaa wangu na namba ya nyumba yangu, nikamwambia aandike, asinipotezee muda. Miwani ilikuwa usoni.

4. Nalalamikia kasi ya kikosi cha ubomoaji, ambayo ni kinyume na kila kitu ninachokijua kuhusu kikosi hicho.

Kwenye kona ya barabara ya soko kuna duka nililoliwekea X mwaka alipozaliwa kifungua mimba wangu. Kifungua mimba huyo sasa ana mvi mbili. Duka lipo. Mwenye duka ameshapaka rangi mara nne, na kila mara anaizungushia ile X kwa uangalifu, kwa sababu wateja wake wanaitumia kuelekezana. Nyapara wa kikosi mwenyewe anaitwa Baadaye, Idara nzima, hata kwenye karatasi ya mahudhurio, na sina haja ya kukueleza kwa nini.

Baadaye huyo alifika kwangu Jumanne saa mbili asubuhi, siku mbili tu tangu rangi ikauke, na watu sita na nyundo zao. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mji nikimfelisha mjane mmoja kwa sababu ya ngazi zake. Niliporudi saa kumi, nilifungua mlango wa jikoni nitoke nje kama kawaida yangu, nikauona uchochoro wote, nguo za watu kwenye kamba, na fundi viatu akiwa amekaa kwenye kigoda chake akinitazama usoni. Tumekuwa majirani miaka kumi na minne. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa amekaa; juu ya ukuta huwa naona kichwa chake tu, akisimama.

Na walikuwa wamefagia! Wamepanga matofali mazima upande mmoja na vifusi upande mwingine. Nilimpigia simu Baadaye, nikamuuliza ni nini kimempata. Akasema, “Kiongozi, tulivyoona ni mwandiko wako, tukasema huyu mzee hajawahi kukosea. Tukaona tusikuangushe.” Ndugu Mkurugenzi, kwa miaka yote hiyo nimeililia heshima ya namna hiyo, na ilipokuja ilikuja na nyundo.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuwazuia. Alikuwa amewapikia chai. “Nilijua umewatuma wewe,” akasema. “Nikajua ni mambo ya paka. Humu ndani siku hizi kila kitu ni mambo ya paka.”

5. Nalalamikia utaratibu wa kushughulikia malalamiko.

Niliandika lalamiko rasmi siku ileile, nikalipeleka masjala mwenyewe. Kwa mujibu wa mwongozo wetu, lalamiko lolote la ubomoaji hupelekwa kwanza kwa mkaguzi aliyeweka alama, ili atoe maoni. Kesho yake nikalikuta mezani kwangu. Nililisoma kwa haki, bila upendeleo, na nikalikataa, kwa sababu mlalamikaji hakuambatisha picha na lugha yake ilikuwa ya jazba. Nilimwandikia barua ya kumjulisha. Niliipokea nyumbani nikaudhika sana.

Nikakata rufaa. Rufaa nayo ikaja kwangu. Safari hii nilijiita kwenye kikao cha usuluhishi, Jumatano ya wiki hii saa nne kamili, mezani kwangu. Nilichelewa kwa dakika ishirini kwa sababu nilisimama njiani kununua saruji. Kwa kuwa mlalamikaji hakufika kwa wakati, mkaguzi alilifunga shauri. Karani wa masjala alikuja kugonga muhuri akaniuliza kama najisikia vizuri. Ndiyo sababu nakuandikia wewe moja kwa moja. Nimechoka kupambana na mtu ambaye hasikii.

6. Lalamiko hili la sita ndilo kubwa, na sijui vizuri namlalamikia nani.

Vumbi la ukuta lilipoanguka, lilianguka kwenye gundi ya fundi viatu na juu ya boksi la paka. Paka alikimbia. Walimtafuta mchana kutwa, mke wangu na goti lake, wakamkuta saa tisa ndani ya buti la mteja, anatetemeka. Tangu siku hiyo fundi amemfungia kwenye boksi lenye kifuniko. Akamwambia mke wangu, kwa adabu zote, akiwa ameshika kofia yake mkononi: “Mama, wewe nakuheshimu sana. Lakini mimi paka simpeleki kwenye nyumba inayobomolewa. Huyu wa duka la dawa ananiomba kila siku. Ni mtu mtulivu. Jumamosi ijayo atakuja kumchukua.” Jumamosi hiyo ni keshokutwa.

Mke wangu hakugombana naye. Na mimi hakunigombeza, jambo ambalo ningelilipia kwa furaha kama ningeweza kulipata. Alirudi nyumbani akachukua bakuli dogo la bluu alilolinunua siku ya kwanza kabisa, na shali yake ya zamani aliyokuwa ameikunja ndani ya kikapu. Vitu hivyo viwili ndivyo vilikuwa maandalizi yake yote. Akaviweka juu ya kabati, nyuma kabisa, akashuka kwenye kigoda akashika goti. Tangu siku hiyo tunakula bila kusema kitu, na bila chumvi. Saa ya ukutani nimeitoa betri kwa sababu nilikuwa siwezi kuvumilia mlio wake.

Nimekuwa nikimfikiria, Ndugu Mkurugenzi. Aliniomba dirisha la bafuni. Nililipima miaka kumi na moja. Aliwahi kuniomba tumtembelee mama yake kwa basi. Nilikagua matairi ya basi mpaka basi likaondoka, na mama yake alifariki kabla hatujapanga safari nyingine. Kila alichoniomba mwanamke huyu nilikikagua mpaka kikazeeka, nikidhani ndiyo namna ya kumtunza. Nampenda. Sijui kama nimewahi kumwambia. Nadhani nilikuwa nasubiri nyumba iwe tayari.

Basi, kwa kuzingatia hayo yote, naomba Idara ifanye yafuatayo kabla ya Jumamosi.

Kwanza, ukuta wangu ujengwe upya haraka, na kwa haraka namaanisha ileile iliyotumika kuubomoa. Matofali yapo, saruji nimeshanunua.

Pili, itolewe hati yenye muhuri inayomhakikishia fundi viatu kwamba nyumba yangu ni salama, kavu na haitabomolewa tena. Hati hiyo isisainiwe na mimi. Kwa sasa saini yangu haina thamani uchochoroni.

Tatu, iwekwe amri ya zuio, paka asihamishwe kutoka kwenye boksi lake mpaka rufaa yangu isikilizwe na mtu mwingine. Najua hatujawahi kutoa zuio kwa paka. Tumewahi kulitoa kwa banda la kuku, jalada ninalo.

Nne, Baadaye apewe onyo kwa kuwahi kazini.

Tano, mkaguzi mwandamizi anyang'anywe kopo la rangi. Najua atakataa. Atakuambia kwamba utaratibu ni utaratibu, kwa ile sauti yake. Usimsikilize. Mnyang'anye wakati anatafuta miwani.

Nafahamu kwamba Idara ina mambo mazito kuliko paka mmoja wa kijivu. Lakini nimefanya kazi hii kwa uaminifu tangu nikiwa na nywele, sijawahi kuomba likizo ya ziada wala kiti chenye magurudumu. Naomba ukuta tu, na naomba sasa.

Nisalimie masjala wote, hasa karani, na umwambie najisikia vizuri. Msalimie mlinzi wa getini, dereva wako, na mama yako mzazi, ambaye nasikia amepata nafuu. Wasalimie kikosi kizima cha ubomoaji, walifagia vizuri. Mke wangu naye angekusalimia, lakini kwa sasa hatumi salamu kupitia kwangu.

Nabaki kuwa mtumishi wako, mwananchi wako na, kwa masikitiko, mlalamikiwa wako,

Mkaguzi Mwandamizi wa Majengo

Nakala:
Mlalamikiwa (ameshaiona).
Nyapara wa kikosi, Baadaye.
Fundi viatu, uchochoroni.
Mwenye duka la dawa, kwa taarifa na kwa kuvuta subira.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi.

Samahani kwa mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelaliwa, na nimekatazwa kuutikisa.

Jana jioni nilikuja na barua hii nyumbani ili mke wangu aipitie kabla sijaituma. Alikuwa anaisoma mezani jikoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu ya joto, wakati fundi viatu alipofunua boksi kumpa yule paka maziwa. Paka hakuyagusa. Aliruka nje, akakata uchochoro, akapanda vifusi mahali palipokuwa na ukuta, akaingia jikoni kwetu kama mtu anayerudi kutoka kazini. Hakukagua kitu. Alipita juu ya waya wa pasi, akajikuna kwenye mlango wa oveni, akaingiza kichwa kwenye kila mahali nilipopaandika X, na kote akatoka mzima. Kisha akapanda mapajani kwa mke wangu, akakanyaga ukurasa wa kwanza, akalala. Alama nne za matope utakazoziona hapo naomba zisihesabiwe kama saini.

Fundi viatu alikuja mbio na kiatu cha mteja mkononi, akasimama pale ukuta ulipokuwa. “Hodi,” akasema, ingawa hapakuwa na kitu cha kugonga. Akamtazama paka. “Haya, mama,” akasema, “huyu keshahama mwenyewe. Wa duka la dawa niachie mimi.” Tukamkaribisha ndani. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kufika kwetu, na kumbe ni hatua kumi na mbili.

Kwa hiyo naondoa maombi yangu yote. Ukuta usijengwe. Kama tayari umeshampa Baadaye kazi hiyo, tafadhali mwache afanye kwa mwendo wake wa kawaida. Nimetafuta tangu alfajiri sababu ya kitaalamu ya kuweka kwenye jalada na sijaipata. Ninayo hii tu. Mke wangu aliendelea kutusomea barua kwa sauti, mimi na fundi, na alipofika pale nilipochelewa kwenye kikao changu mwenyewe alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Lalamiko la sita hakulisoma kwa sauti. Alilisoma peke yake, mara mbili, kisha akasogeza kiti chake karibu na changu, polepole, ili paka asiamke.